Mfumaji wa Ua wa Michongoma

Fundi ninayetaka kumsifu hana karakana wala mwanafunzi. Mchana hujificha kwenye jani lililojikunja, ndani ya ua wa michongoma au katika suke la nyasi kando ya shamba la kahawa, na ukimtafuta saa hizo utadhani ni kipande cha gome kilichokwama. Jua linapozama nyuma ya safu ya Nyandarua, wakati wasafiri wa mwisho mjini Nyeri wanaharakisha kupata matatu za Othaya na Mukurwe-ini, yeye ndiyo kwanza anaamka. Hutoka hadi ncha ya tawi, huinua tumbo lake, na kuachia uzi mmoja upeperushwe na upepo. Kazi imeanza. Kwa nusu saa au saa nzima, bila taa na bila kuonyeshwa na mtu, atafuma wavu ambao kwa usahihi wake sijaona kazi ya mkono wa kuulinganisha nao katika miji yote inayouzunguka Mlima Kenya.

Ni buibui wa shambani, wa jenasi ambayo wanasayansi huiita Neoscona. Jike aliyekomaa ana urefu wa sentimita moja hivi ukiacha miguu. Dume ni mdogo zaidi. Rangi zao hazitabiriki. Mmoja ni kahawia, mwenzake kijivu, wa tatu ana mstari mweupe mgongoni, na huenda wote ni spishi moja. Miguu imejaa vinyweleo na miiba midogo. Mwenye kioo cha kukuzia ataona alama inayowatenga na baadhi ya jamaa zao wa karibu, yaani mfereji mwembamba juu ya kifua unaofuata urefu wa mwili badala ya kuukata kwa upana. Kuwatenganisha spishi kwa spishi kunahitaji hadubini na jicho la mtaalamu. Kwa hiyo ninaposema “yeye”, ajue msomaji kwamba nyuma ya neno hilo wamo ndugu kadhaa wanaofanana kwa umbo na kwa desturi.

Ameenea mno. Spishi moja, Neoscona subfusca, hupatikana kuanzia nchi za Mediterania hadi kusini kabisa mwa Afrika. Nyingine, Neoscona moreli, ilielezwa kitaalamu na daktari Auguste Vinson mwaka 1863, katika kitabu chake kuhusu buibui wa visiwa vya Réunion, Mauritius na Madagascar. Familia yao, Araneidae, ina spishi zaidi ya 3,000. Na nadhani kuenea huko ndiko kulikomnyima sifa. Wageni hufika Nanyuki kumtafuta swala aitwaye bongo wa mlimani kwa sababu amebaki kidogo, na wanafanya vyema, maana bongo anastahili kutafutwa. Lakini huyu wa kwenye ua, tunayempita kila siku tukienda kukinga maji au kukamua ng'ombe, hakuna anayesimama kumtazama. Wengi tunajua kazi yake kwa njia moja tu: ule uzi unaotunasa usoni alfajiri tukipita kwenye kijia.

Nataka tusimame basi, tuitazame kazi yenyewe hatua kwa hatua, kwa maana uzuri wake uko katika mpangilio.

Uzi ule wa kwanza ukinasa upande wa pili, buibui huuvuta kuujaribu, kisha huuvuka. Anapouvuka huukata na kuukusanya ule wa mbele yake huku akitandaza mpya nyuma yake, hivi kwamba akifika ng'ambo uzi wa majaribio umekwisha kuondoka na daraja la kweli limewekwa. Baadaye hujishusha kutoka katikati ya uzi uliolegea, na ule uzi hunyooka ukawa na pande tatu: mbili juu, mmoja chini. Pale zinapokutana patakuwa kitovu. Kutoka hapo hujenga kiunzi cha nje akitumia chochote alichopewa na mahali: mwiba wa mchongoma, ncha ya nyasi za nepia, waya wa seng'enge, nguzo ya baraza. Hakuna kiunzi kinachofanana na kingine, maana hakuna mahali panapofanana na pengine.

Zikifuata nyuzi za miale, kutoka kitovuni hadi kwenye kiunzi, mtu angetazamia aziweke moja baada ya nyingine akizunguka. Hafanyi hivyo. Huweka mmoja upande huu, kisha hukimbilia upande wa pili kuweka mwingine, ili mvutano usilemee upande mmoja na kupotosha kazi yote. Kila mara hurudi kitovuni, huzungusha miguu yake akigusa nyuzi zilizopo, na akihisi pengo lililo pana kuliko inavyotakiwa, hapo ndipo mwale mpya unapokwenda. Mtu aliyewahi kukaza waya za baiskeli au ngozi ya ngoma ataelewa mara moja busara ya mpango huo.

Miale ikikamilika, huanza kuzunguka kutoka kitovuni kwenda nje, akitandaza uzi mkavu kwa mizunguko michache yenye nafasi pana. Huo si wavu bado. Ni jukwaa la fundi: unashika miale isiyumbe na unampa pa kukanyaga. Akifika ukingoni hugeuka, na sasa ndipo anapoanza uzi wenye gundi, akirudi kutoka nje kuelekea ndani, mzunguko baada ya mzunguko, uliobanana na mwenzake. Mguu wa mbele hugusa mzunguko uliotangulia kupima nafasi, mguu wa nyuma huvuta uzi na kuubandika. Na kila anapofika kwenye ule uzi mkavu wa jukwaa, huunyofoa, maana kazi yake imekwisha. Mwisho hurekebisha kitovu, kisha hukaa hapo kichwa chini, mguu mmoja juu ya kila mwale anaoweza kuufikia, akasubiri.

Wanaojua kusuka kiondo wameona kitu cha kuwagusa hapa. Kiondo nacho huanzia katikati ya kitako, nyuzi za mtande zikitoka pale kama miale, na mshindio ukizizunguka na kuzizunguka hadi kwenye mdomo wa juu. Mama wa Kikuyu wa zamani alisuka akitembea, mzigo mgongoni, akienda sokoni, na vidole havikuhitaji macho. Katika hilo wawili hawa ni wa ukoo mmoja wa ufundi. Tofauti iko kwenye mwendo wa kurudi. Msusi wa kiondo huenda upande mmoja tu, ndani kwenda nje, na kila anachoweka hubaki. Buibui huenda nje kwa uzi wa muda na kurudi ndani kwa uzi wa kunasa, akivunja njiani kile kilichomwezesha kufika. Ujasiri wa kubomoa jukwaa ungali umesimama juu yake ni jambo ninalolistahi kwa fundi yeyote.

Na haya yote huyafanya karibu kama kipofu. Ana macho manane, lakini macho ya buibui wafumao nyavu za duara ni dhaifu. Hayamwezeshi kuuona mchoro anaouchora. Hajawahi kuutazama utando wake kwa jumla kama sisi tunavyoutazama. Anaujua kwa miguu tu, kwa mvutano na mtikisiko, uzi mmoja mmoja. Mchoro mzima haumo kichwani mwake kama ramani. Unazaliwa kutokana na vipimo vidogo, kila kimoja kikifanywa kwa uaminifu pale pale kinapohitajika.

Ndiyo maana mahali na hali ya hewa huingia ndani ya kazi. Fritz Vollrath, mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Oxford ambaye pia amehusika kwa miaka mingi na utafiti wa tembo nchini Kenya, alichunguza pamoja na wenzake jinsi buibui wa bustani wa Ulaya, Araneus diadematus, anavyobadilisha utando. Katika baridi, mizunguko ya gundi hupungua na kuachana zaidi. Penye upepo, utando huwa mdogo. Sisi tunaoishi kwenye miteremko ya mlima wa mita 5,199, ambako miezi ya Juni hadi Agosti ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi, tunaweza kusoma jambo hilo kwenye nyua zetu wenyewe. Mchana wa Januari wenye jua kali kule Kieni si mchana wa Julai kule Tetu, na mfumaji wa usiku wa Kieni hakutani na usiku ule ule wa mwenzake wa Tetu. Kanuni wanazofuata ni zile zile. Kinachotoka ni tofauti.

Kisha kuna malighafi. Jike wa ukoo huu ana aina saba za tezi za hariri tumboni, na kila aina ina kazi yake. Moja hutoa uzi imara wa kiunzi, wa miale na wa kujishikiza anaposhuka. Nyingine hutoa uzi wa ndani wa mizunguko ya kunasa, unaoweza kuvutika zaidi ya mara mbili ya urefu wake bila kukatika. Ipo ya gundi, ipo ya kubandika ncha za nyuzi kwenye tawi, ipo ya kufungia mawindo, na ipo ya kufumia kifuko cha mayai. Uzi wa kujishikiza, ukilinganishwa na chuma cha unene ule ule, nguvu zao hukaribiana, ilhali uzito wa hariri ni kama sehemu moja ya sita ya chuma.

Lakini mimi naona ajabu kubwa zaidi iko kwenye gundi. Ukitazama mzunguko wa kunasa kwa kioo cha kukuzia utaona matone madogo yamepangwa juu ya uzi kwa nafasi sawa. Mwaka 1989 Vollrath na mwenzake Donald Edmonds walionyesha kwamba ule umajimaji unafanya zaidi ya kunata. Uzi ukilegea, mvutano wa uso wa tone huuvuta ziada ndani na kuukunja humo. Mdudu akipiga, ziada hiyo hufunguka na kurefuka, kisha hurudi. Kwa hiyo nondo akigonga utando hatupwi nje wala hapasui. Nguvu zake zinamezwa polepole hadi achoke. Utando mgumu usingeweza kummeza hivyo.

Alfajiri fundi hula kazi yake.

Mara nyingi, kabla kuku hawajashuka, buibui wa shambani huukusanya utando, huukunja kuwa donge na kuumeza, akiacha pengine ule uzi wa daraja peke yake. Mtafiti David Peakall alifuatilia jambo hili kwa buibui wa bustani na kuchapisha matokeo mwaka 1971: protini ya utando ulioliwa hurudi kwenye tezi, na sehemu kubwa mno huonekana tena katika utando unaofuata, baadhi yake ndani ya nusu saa. Hariri ya leo ni ile ile ya jana iliyofumwa upya. Katika asubuhi za ukungu mwezi Julai, baadhi yao huchelewa kubomoa, na ndizo asubuhi ambazo nyua za Nyeri huonekana zimevikwa duara za umande kuanzia Kamakwa hadi King'ong'o. Mtu akiziona siku hizo hudhani buibui wameongezeka. Walikuwapo usiku wote uliopita.

Vitabu vitakatifu vimemtaja buibui. Sura ya 29 ya Kurani ina jina lake, na humo nyumba yake inatolewa kuwa mfano wa udhaifu. Kitabu cha Ayubu nacho kinaufananisha utando wake na tumaini la mtu aliyemsahau Mungu. Mfano huo ni wa haki, maana anayetafuta makao ya kudumu humo hatayapata. Ila huyu wa shambani hakai humo. Makao yake ni jani. Utando ni chombo cha kazi ya usiku mmoja, na kama chombo umekamilika. Anachokihifadhi kutoka jana hadi leo ni malighafi na ustadi. Umbo analiacha liende. Nimewajua mafundi wa mawe na wa mbao waliotaka sana kazi zao zidumu, na siwalaumu. Huyu amenifundisha kutazama upande wa pili wa ufundi, ule wa kuweza kurudia kesho, mahali pengine, kwenye upepo mwingine, kwa makini yale yale, bila kuegemea sifa ya kilichopita.

Binadamu tumejaribu kumvuruga na hata kumpeleka mbali, na yote yamemwongezea heshima. Mwaka 1948, katika Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, mtaalamu wa wanyama Hans Peters alichoshwa na kuamka usiku wa manane kupiga picha za buibui wakifuma. Alimwomba mwenzake wa famasia, Peter Witt, atafute dawa ya kuwafanya wafume saa za kawaida. Witt aliwanywesha dawa mbalimbali katika maji ya sukari. Saa hazikubadilika, tandabui ndizo zilizobadilika, kila dawa kwa namna yake. Miongoni mwa zilizoharibu kazi vibaya ni kafeini. Buibui aliyepewa dozi kubwa alitandaza nyuzi ovyo, duara ikapotea.

Huwa nakumbuka habari hiyo kila nimwonapo buibui wa shambani amefunga kiunzi chake kati ya matawi ya mibuni. Nyeri inajulikana duniani kwa kahawa. Watu wa mbali hununua mifuko yenye jina la kaunti hii kwa ajili ya ladha na uchangamfu wake. Na humo humo, juu ya mmea wenye kile kile kinachoweza kumtoa kwenye mstari, yeye anafuma duara timilifu. Majani na buni havimhusu. Anachotaka kwenye mbuni ni nafasi tu kati ya tawi na tawi, na wadudu wanaopita.

Mwaka 1973 Wamarekani waliwapeleka buibui wawili wa bustani, Arabella na Anita, kwenye kituo cha anga za juu cha Skylab, kwa wazo la mwanafunzi wa sekondari aitwaye Judith Miles. Kule uzito haupo, na buibui hujua juu na chini kwa uzito. Utando wa kwanza wa Arabella ulikuwa wa kubabaisha. Baada ya siku chache ulikuwa duara. Baadaye, katika jaribio la kituo cha kimataifa cha anga mwaka 2011, ilionekana kwamba taa zikiwaka buibui hutumia mwanga kujielekeza pale uzito unapokosekana. Kiumbe ambaye macho yake hayamsaidii kufuma alikuwa na akiba ya macho, tayari kwa hali ambayo hakuna babu yake aliyewahi kukutana nayo.

Wengine walitamani hariri yenyewe. Huko Madagascar, Simon Peers na Nicholas Godley walisimamia kazi ya kukamua nyuzi za buibui wakubwa wa dhahabu, jamaa wa mbali wa huyu wetu, na mwaka 2009 kitambaa kimoja cha rangi ya dhahabu isiyotiwa kikaonyeshwa New York. Kilihitaji buibui zaidi ya milioni moja. Joho lililofuata lilionyeshwa London mwaka 2012. Ni vitu vizuri kwelikweli, na buibui waliachiliwa baada ya kukamuliwa. Hata hivyo nikipima ufundi dhidi ya ufundi, naona kwamba hariri ikishatolewa kwenye utando na kuwekwa kwenye kitanda cha mfumi, imebaki kuwa uzi mzuri tu. Mjini Nanyuki wako akina mama ambao tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakisokota sufu ya kondoo kwa mkono, wakiitia rangi na kuifuma kuwa mazulia. Pale kuna mwenye kuchana, mwenye kusokota, mwenye kutia rangi, mwenye kufuma, na kila mmoja anahitaji chombo chake. Nikitoka kutazama kazi yao ndipo ninapoelewa vizuri zaidi kiasi cha mambo ambayo huyu mmoja ameyabeba ndani ya mwili wa sentimita moja: mfugo, gurudumu, kitanda cha mfumi na mfumi mwenyewe.

Nilisema hana mwanafunzi. Mama hutaga mayai katika kifuko cha hariri ndani ya majani yaliyokunjwa, na mara nyingi hufa kabla ya watoto kuanza kufuma. Hakuna wa kuwaonyesha. Mtoto mdogo kuliko punje ya mtama hupanda juu ya unyasi, huachia uzi, na kuondoka na hewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Erica Morley na Daniel Robert, walionyesha mwaka 2018 kwamba hata nguvu ya umeme iliyo hewani, bila upepo wowote, hutosha kumwinua buibui mdogo. Charles Darwin aliwahi kuwaona wakitua kwa wingi kwenye kamba za meli ya Beagle mwaka 1832, maili 60 kutoka pwani ya Amerika Kusini. Hivi ndivyo wanavyoweza kuenea nchi kwa nchi. Akitua, popote atakapotua, utando wake wa kwanza tayari ni duara yenye kitovu, miale na mizunguko, mdogo kama sarafu.

Dume akikomaa huacha kufuma nyavu za kunasa. Hutangatanga kutafuta majike, na akifika ukingoni mwa utando huufunga uzi wake na kuutikisa kwa namna ya pekee, ili asidhaniwe kuwa nondo. Jike huendelea kufuma. Uchunguzi wa jamaa zake wa Ulaya umeonyesha kwamba uzee huingia kwenye kazi: nafasi hazilingani tena, mizunguko hukosa mpangilio. Ukitembea na tochi mwishoni mwa msimu utauona utando wa namna hiyo, na ndani yake jike mnene mwenye mguu mmoja au miwili pungufu, kichwa chini, akisubiri kama kawaida. Siupiti utando huo haraka. Kwangu una heshima kuliko ule timilifu ulio jirani yake.

Yapo malalamiko dhidi yake, nami nataka kuyajibu. Wapo wanaoamka na malengelenge shingoni wakasema wamekojolewa na buibui. Mara nyingi mhusika ni yule mdudu mwekundu na mweusi tunayemwita Nairobi fly, ambaye akipondwa kwenye ngozi hutoa sumu inayounguza. Buibui wa shambani hana uwezo huo. Hana hatari kwa mtu. Ukimshika huenda akajaribu kuuma, lakini mwelekeo wake wa kwanza ni kujiangusha kwa uzi na kulala kimya majanini. Kwa upande wa faida, watafiti Martin Nyffeler na Klaus Birkhofer walikadiria mwaka 2017 kwamba buibui wote wa dunia kwa pamoja hula tani milioni 400 hadi 800 za windo kila mwaka, wengi wao wakiwa wadudu. Sehemu ya hesabu hiyo inatimizwa kila usiku kwenye mashamba ya chai ya Gathuthi na Chinga, kwenye mahindi ya Mweiga, kwenye mibuni ya Mathira. Haulizi yupi ni adui wa mkulima na yupi ni rafiki. Nyuki akipita usiku naye atanaswa. Lakini nyuki hulala usiku, na wengi wanaopita saa zake ni nondo, mbu na wadudu wengine wa giza.

Mwaka 2004, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mjini Oslo, Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Tetu, alimalizia hotuba yake kwa kukumbuka kijito cha utotoni alikokwenda kuteka maji, na mayai ya vyura aliyodhani ni shanga, na viluilui waliotokea baadaye. Mbele ya wafalme na mawaziri alichagua kutaja viluilui. Tunakumbuka miti aliyoipanda, na ni haki, lakini mtu aliyeanza kwa kuinama kutazama kitu kidogo majini ndiye aliyeweza kuona kwamba kijito kimekauka. Sisi wa Nyeri tumeurithi pia mfano huo wa kuinama, na nyua zetu zinatupa nafasi ya kuutumia kila jioni bila kwenda mbali.

Nina ombi, basi, kwa kila mwenye ua au shamba kutoka Karatina hadi Nanyuki, na kutoka Kerugoya hadi Chuka. Michongoma ikirefuka, usiifyeke yote siku moja. Fyeka upande mmoja leo na wa pili mwezi ujao, ili asikose pa kufungia daraja. Acha ukanda wa nyasi ndefu kando ya mibuni. Na ukiwa umebeba pampu ya dawa jioni, pitisha kwanza tochi kando ya ua. Ukimkuta kazini, mwite mtoto aje aone anavyogeuka ukingoni kurudi ndani na kulinyofoa jukwaa lake, kisha mwache buibui amalize.